Fimbo Mbili za Colman Considine

Jumapili, 12 Februari

Mtaalamu wa viungo kule Ennis ameniagiza niandike kila siku goti langu la kushoto limeamkaje. Orla, mke wangu, kaninunulia daftari lenye maua kwenye jalada. "Na mengine uandike, Malachy," kasema. "Mimi huniambii kitu, labda karatasi utaiambia." Haya basi.

Goti: limevimba. Ngazi nimeshuka kinyumenyume.

Nina miaka thelathini na minane. Naichezea hurling, ule mchezo wetu wa Ireland wa fimbo na mpira mdogo, parokia yangu ya Killavane tangu nilipokuwa na kumi na saba, jezi namba tatu, beki wa kati, yule anayesimama mbele ya kipa na kupigwa fimbo za miguu kwa niaba ya wenzake. Nilipokuwa na ishirini na mitatu timu ya kaunti iliniita. Nikacheza mechi moja kubwa, mtu mmoja akanifunga magoli matatu, na simu haikulia tena. Fainali za klabu nimecheza tatu, nimeshindwa tatu. Medali ya kaunti sina. Msimu huu ndio wa mwisho, nimemwahidi Orla. Nataka medali moja tu, hata kama itaishia kwenye droo ya soksi.

Leo baada ya misa Pakie Moloney kanivuta kando ya ukuta wa kanisa. Pakie ndiye kocha wetu. Amepeleka barua kwa baiskeli miaka arobaini na postikadi zote alizisoma.

"Tumepata mshambuliaji," kasema.

"Nani?"

"Kwanza niahidi hutanipiga."

"Nani, Pakie?"

"Colman Considine."

Sikumpiga. Nilimwacha amesimama pale pale na kofia yake mkononi.

Considine ni mtu wa Toorbeg, parokia ya ng'ambo ya daraja. Miaka kumi na miwili iliyopita, fainali, dakika ya mwisho, alinizunguka akafunga goli, na akiwa njiani fimbo yake ikanivunja kidole kidogo cha mkono wa kulia. Hadi leo hakinyooki. Mwaka juzi alimwoa Fidelma, mwalimu wa shule yetu, wakajenga upande wetu wa daraja, na mwezi uliopita akasaini kuhamia klabu yetu. Hapa kwetu mtu anaweza kubadili mke, kazi na hata chama cha siasa, na baada ya mwaka watu wakanyamaza. Klabu habadili. Nasikia kule Toorbeg picha yake imeshushwa ukutani kwenye baa, na mama yake hasemi naye.

Vizuri, nikasema moyoni. Nami sitasema naye.

Jumatano, 15 Februari

Mvua. Goti: vilevile.

Jumamosi, 4 Machi

Kaja karakanani kwangu.

Mimi ndiye fundi wa fimbo wa Killavane, kama alivyokuwa baba. Fimbo ya kuchezea hutoka chini kabisa ya mti wa eshi, pale shina linapopinda kwenda mzizini, ili nyuzi za mbao nazo zipinde pamoja na bapa la kupigia. Nyuzi zikikatiza njiani, fimbo itavunjika tu, ni suala la siku. Siku hizi ugonjwa umeingia kwenye eshi zetu, zinakauka kuanzia kileleni, na mbao nyingi naagiza ng'ambo. Kimebaki kipande kimoja cha mti alioukata baba mwaka aliofariki. Kiko juu ya rafu, kimekauka vizuri, nyuzi zake zimepinda kama mtu alizichora kwa penseli. Nimekiweka kwa ajili ya fimbo yangu ya mwisho.

"Habari za kazi, Malachy," Considine kasema mlangoni. Ni mtu mrefu, mabega kama kabati, sauti ndogo.

"Zipo."

"Nahitaji fimbo. Inchi thelathini na tano."

"Toorbeg mmeishiwa mafundi?"

"Yupo. Ni baba yangu mkubwa. Kanifungia mlango usoni."

Sikumwonea huruma. Nilikwenda pembeni, kwenye zile nilizotenga kuwa kuni. Kulikuwa na moja iliyong'aa vizuri, bati limezungushwa kwenye ncha, mtu asiyejua angeibusu. Lakini nyuzi zilikatiza katikati ya bapa. Nikampa hiyo.

Kaishika. Kapitisha kidole gumba kwenye bapa, polepole, kaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Kanitazama.

"Nzuri," kasema. "Asante."

Nilikuwa na furaha mpaka wakati wa chai. Orla kauliza mbona napiga mluzi. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma: nilijua. Nilimpa nikijua.

Goti: afadhali.

Ijumaa, 17 Machi

Sikukuu ya Mtakatifu Patrick. Mvua imewanyeshea watoto wa gwaride wote. Goti: limejaa maji nalo.

Jumanne, 28 Machi

Mazoezi. Considine anavaa viatu peke yake, kwenye ile benchi iliyovunjika. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyemsalimu. Anakuja wa kwanza na anakusanya koni za wengine mwisho.

Pakie kaniweka nimkabe. Saa nzima nimempiga kifundo cha mguu kila mwamuzi, yaani Pakie, alipogeuka. Hakurudisha hata moja.

"Mzee Malachy," kasema Fiachra Tuohy, "unamkaba au unampasua kuni?" Fiachra ana miaka ishirini na mmoja, anasomea uhandisi Limerick, ni beki wangu wa akiba. Ana magoti mawili mazima na mdomo mmoja usiofungika.

"Wewe kapake mafuta nywele," nikamwambia.

Jumapili, 9 Aprili

Pasaka. Considine na Fidelma kanisani, safu ya nyuma. Fidelma kamwambia Orla kwamba walikwenda Toorbeg asubuhi na keki ya mama mkwe. Mama huyo, Bi Teasie, alipokea keki dirishani, akafunga dirisha.

Orla kanisimulia huku akikata nyama ya kondoo. "Mama mzima!" kasema. "Kwa sababu ya mchezo!" Kisha kanitazama, kaacha kukata. "Na wewe nawe hucheki?"

Nikachukua kisu, nikamalizia kukata nyama mimi. Goti: zuri.

Jumamosi, 27 Mei

Tumekata majani ya ng'ombe shambani kwa shemeji siku mbili, jua kali, ajabu. Goti: halijui kama ni langu.

Jumapili, 11 Juni

Mechi ya ligi, nyumbani. Nataka niandike ilivyokuwa.

Tulikuwa mbele. Considine alikuwa amefunga pointi nne na fimbo ile, nami nilikuwa nimeanza kusahau. Kipindi cha pili mpira ulimjia juu, yeye na beki wao wakapiga kwa pamoja. Nilisikia mlio kutoka upande wa pili wa uwanja. Kila fundi anaujua mlio ule. Fimbo nzuri ikivunjika hulia kama tawi. Hii ililia kama biskuti.

Bapa liliruka. Kijiti kilichobaki mkononi kikateleza na ncha yake ikaingia kwenye kiganja chake cha kushoto, ikatokea karibu na kidole gumba. Damu ilifika hadi kwenye soksi. Watu walikimbia, mimi nikakimbia nao, na goti sikulisikia.

Alikuwa amepiga magoti, amekiminya kile kiganja. Fidelma alikuwa anashuka ngazi za jukwaa huku anaita jina lake. Kabla hawajamwinua, Considine aliokota kile kipande cha bapa kwa mkono mzima. Ni seremala, mbao anazisoma kama Pakie anavyosoma postikadi. Akatazama pale ilipokatikia. Akanitazama mimi. Kisha akavibana vipande vyote viwili kwapani, akaenda hospitali.

Kashonwa nyuzi kumi na moja. Daktari kasema kidogo tu mshipa wa kidole gumba ungekatika, na seremala bila kidole gumba ni nani?

Tulishinda. Pakie kanipiga mgongoni, kaniambia nilikuwa ukuta. Nikaenda nyumbani na viatu vya mchezo miguuni.

Jumatatu, 12 Juni

Goti: silijui.

Jumanne, 20 Juni

Mvua. Toorbeg nzima inacheka, wanasema Killavane wamempa Considine kuni achezee. Wanadhani wanatania.

Jumapili, 25 Juni

Hajasema. Wiki mbili. Leo kaja uwanjani na mkono wake umefungwa, kakusanya koni kwa mkono mmoja. Wenzetu wameanza kumzoea. Kipa kampa chai, Fiachra kamwita "Mkono Mmoja," na Considine kacheka. Wananiuliza mimi mbona simwendei, mimi ndiye mkubwa wa timu.

Angenitukana ningelala vizuri.

Jumamosi, 1 Julai

Nimekwenda kwake. Orla aliniona navaa shati safi akauliza nani kafa. Nikamwambia yote, nikiwa nimesimama katikati ya jikoni. Alizima jiko. "Nenda," akasema. "Na usirudi kabla hujamwambia kwa mdomo wako."

Considine alikuwa kwenye banda lake anapanga misumari kwa mkono mmoja. Vile vipande viwili vya fimbo vilikuwa vimetundikwa juu ya meza yake ya kazi. Niliviona, nikasahau yote niliyokuwa nimeyapanga njiani.

"Ile fimbo," nikasema.

"Enhe."

"Nilikuwa nimeitenga iwe kuni. Nilijua itavunjika. Nilikupa makusudi."

"Najua," kasema.

"Uliona ilipovunjika."

"Niliona siku uliyonipa. Malachy, mimi nimekulia kwenye karakana. Nyuzi zimekatiza katikati ya bapa, hata Fidelma angeona."

Nilivitazama vile vipande vilivyotundikwa. "Sasa kwa nini uliichukua? Kwa nini ulichezea?"

Aliweka msumari chini. "Ningesema nini? Nimehamia kwenu, sina mtu. Nikukatalie fimbo karakanani kwako, halafu parokia nzima iseme yule wa Toorbeg kaja na dharau? Nilisema nitaichezea, ikivunjika imevunjika. Sikufikiri kuhusu mkono."

"Ungemwambia Pakie."

"Ukafukuzwa timu msimu wako wa mwisho?" Akatazama kidole changu kilichopinda. "Na hicho nilikivunja mimi. Sikuwahi kukuomba radhi. Nilikuwa nashangilia."

Nililia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, mwanamume mzima na shati safi. Yeye akajifanya anatafuta misumari chini ya meza mpaka nilipomaliza. Kisha akaniuliza kama nakunywa chai, nikasema nakunywa.

Akanieleza habari za mama yake. Kila Jumapili anampigia simu, simu inapokelewa, hakuna sauti, baada ya dakika inakatwa. "Lakini anapokea," kasema. "Mwezi wa pili alikuwa hapokei."

Jumapili, 2 Julai

Nimekishusha kile kipande cha baba kutoka kwenye rafu.

Ijumaa, 7 Julai

Fimbo imekwisha. Siku tano. Bati nimelizungusha mara mbili, mshikio nimeupima kwa mkono wenye kovu. Ni fimbo bora kuliko zote nilizowahi kutengeneza na nimeitoa kwa mtu wa Toorbeg. Baba angenifukuza nyumbani. Au labda asingenifukuza, sikuwahi kumjua vizuri baba.

Considine kapitisha kidole gumba kwenye bapa kama ile siku ya kwanza, kaenda nayo dirishani. Safari hii alikaa sana.

"Hii ulikuwa umeiweka," kasema.

"Chukua uende, Colman. Nina kazi."

Ndiyo mara ya kwanza nimemwita kwa jina lake.

Jumapili, 30 Julai

Ubingwa umeanza, raundi ya kwanza. Tumeshinda. Colman pointi tano na goli. Goti: ovyo.

Jumapili, 13 Agosti

Tumeshinda tena. Uwanja ule ule Toorbeg walicheza baada yetu. Bi Teasie alikuwa jukwaani na shali ya rangi zao. Colman alipita chini yake akavua kofia yake ya chuma, akasimama kidogo. Bi Teasie alikuwa anatafuta kitu kwenye mkoba, akatafuta mpaka alipopita.

Nilikuwa nadhani mama yule ana moyo wa jiwe. Leo nimemwona kwa karibu. Mkoba ule ulikuwa mtupu, hakuwa anatafuta kitu chochote.

Jumapili, 3 Septemba

Robo fainali. Tumeshinda kwa pointi moja, mimi nikiwa mzigo. Mtoto wa miaka kumi na tisa kanipita mara mbili kama mtu anavyopita kigingi. Goti: limekwisha.

Jumanne, 12 Septemba

Pakie kaja nyumbani na baiskeli, kwenye mvua, kofia inachuruzika. Orla kampa chai, kainywa yote bila kusema kitu, na Pakie asiposema kitu ujue kuna msiba.

"Sema tu," nikamwambia.

"Fiachra ataanza Jumapili."

"Sawa."

"Malachy, miaka ishirini na moja..."

"Nimesema sawa, Pakie."

"Utabeba fimbo za akiba," kasema. "Mstari wa pembeni. Mtu fimbo yake ikivunjika, unamkimbilia. Hakuna anayezijua fimbo kama wewe." Macho yake yalikuwa mekundu. Yule mzee ananipenda, na nilimchukia kwa saa kama mbili hivi.

Jumapili, 17 Septemba

Nusu fainali. Nimesimama pembeni na fimbo kumi na mbili begani kama muuza mifagio. Nimekimbia mara tatu. Fiachra kacheza vizuri, mshenzi yule, vizuri kabisa. Mechi ilipoisha kanijia kabla ya kwenda kwa wenzake.

"Mzee, ulikuwa unaniambia nini pale mwanzo? Sikusikia kwa kelele."

"Nilikuwa nakwambia usisimame nyuma yake, simama ubavuni."

"Basi nilisikia," kasema, kanikumbatia na matope yake yote.

Tumeingia fainali. Upande wa pili Toorbeg wameshinda. Bila shaka.

Jumamosi, 14 Oktoba

Mvua wiki nzima. Bendera kila mlango pande zote mbili za daraja, na darajani penyewe hakuna aliyethubutu kufunga kitu. Kwenye ukuta wa Colman mtu kaandika YUDA kwa rangi. Kipa wetu, Fiachra na mimi tumeufuta kwa petroli. Colman alikuwa ndani. Alitusikia, hakutoka, na sisi hatukugonga.

Mpiga mipira ya adhabu wa Toorbeg ni Senan, mdogo wake Colman wa mwisho. Colman ndiye aliyemfundisha kushika fimbo.

Jumapili, 15 Oktoba

Naandika sasa hivi, mguu uko juu ya mto, Orla kaniletea viazi na nyama ya nguruwe kitandani na kasema niandike kabla sijaanza kuongeza chumvi.

Uwanja wa Ennis, mvua ya kuchanganyika na upepo. Mimi pembeni na fimbo zangu, jezi namba kumi na saba ndani ya koti. Watu wa Toorbeg walimwanza Colman kabla hata ya kipyenga. "Considine! Wamekupa kuni nyingine?" Jukwaa lao lote likacheka. Colman akafunga pointi yake ya kwanza. "Kuni hiyo!" likajibu jukwaa letu, na hapo ndipo niliposikia parokia yangu ikimshangilia kwa mara ya kwanza kama mtu wake.

Ilikuwa bega kwa bega. Sare wakati wa mapumziko, sare hadi dakika ya hamsini. Dakika ya hamsini na nne Fiachra akaanguka, misuli ya paja imebana, miguu yote miwili. Pakie akageuka. Akaniangalia goti, akaniangalia uso.

"Dakika sita," kasema. "Unaweza?"

Nilimpa fimbo zote kumi na mbili, nikavua koti.

Sitasema nilicheza vizuri. Nilisimama ubavuni, nilisukuma, nililalia watu. Tukapata pointi moja, kisha nyingine. Tukawa mbele kwa mbili, saa imekwisha, na mwamuzi akawapa Toorbeg mpira wa adhabu, mita ishirini, katikati kabisa ya goli letu. Juu ya mtambaa panya wangepata pointi moja, na moja haiwafai. Walihitaji goli, ambalo ni pointi tatu. Kwa hiyo Senan Considine angepiga chini, kwa nguvu zake zote, na huo ndio ungekuwa mpigo wa mwisho.

Pakie alikuwa anapunga mikono turudi wote. Tukajipanga kwenye mstari wa goli. Colman alikimbia kutoka upande wa pili wa uwanja, akaja akasimama kuume kwangu, akihema.

Kipa wetu akapiga kelele, "Colman! Anapiga wapi? Wewe ndiye uliyemfundisha! Anapiga wapi?"

Colman alikuwa anamtazama mdogo wake.

"Colman! Pembe gani?"

Nilimtazama kupitia nondo za kofia yake. Midomo yake ilikuwa imekaza. Miaka ishirini na moja nimeitaka medali ile, nimevunjika kwa ajili yake, nimemfanyia mtu ubaya. Jibu lilikuwa kinywani mwa mtu aliyesimama nami bega kwa bega. Nikafikiria yule mama na mkoba wake.

"Mwache," nikasema.

"Malachy, una wazimu? Ni mpigo wa mwisho!"

"Nimesema mwache! Simama mahali pako ucheze."

Senan akainama, akauinua mpira kwa ncha ya fimbo, akapiga. Sikuuona. Niliusikia ukigonga mbao, kuume kwangu, mlio mzito, mzima. Fimbo ya baba. Haikuvunjika. Mpira uliruka juu moja kwa moja kwenye mvua, na sote tukawa tunautazama kama wajinga. Mimi nikaruka. Goti halikutaka, nikaliacha chini nikaruka na lile lingine. Nikaudaka kwa mkono wenye kidole kilichopinda, nikaanguka nao kifuani, watu sita wakaniangukia, na kipyenga kikalia.

Nilipofukuliwa kila mtu alikuwa analia na kurukaruka. Pakie alikuwa anabusu watu asiowajua. Colman alikuwa bado amesimama kwenye mstari wa goli. Senan alikuwa amekaa matopeni pale alipopigia. Wakatazamana, kisha Senan akanyanyuka akaenda zake.

Medali iko hapa kitandani. Ni ndogo kuliko nilivyodhani.

Goti: halijulikani lilipo.

Alhamisi, 19 Oktoba

Colman kanipigia simu. Mama yake kapiga yeye mwenyewe. Kasema maneno haya na kukata: "Jumapili, saa saba mchana, mje mle. Na umlete huyo aliyetengeneza fimbo."

Orla anasema nivae lile shati.

Jumapili, 22 Oktoba

Tumevuka daraja wanne kwenye gari la Fidelma, Colman na fimbo magotini, kwa sababu mama yake alisema aje nayo. Fidelma akaendesha polepole. Mapazia yalikuwa yanacheza kila nyumba ya Toorbeg.

Senan ndiye aliyefungua mlango. Hakumpa kaka yake mkono. Alichukua fimbo, akaenda nayo dirishani, akapitisha kidole gumba kwenye bapa. Familia ile wote wana kidole gumba kile kile. Katikati ya bapa kulikuwa na alama ya mviringo, mpira ulipogonga.

"Kona ya kushoto ilikuwa wazi," kasema, bila kugeuka. "Mlango mzima. Niliiona."

"Nami niliona kwamba umeiona," kasema Colman.

"Ningepiga kule tungekuwa mabingwa. Lakini nilikukuta wewe mbele yangu na jezi ile, nikashikwa na hasira." Sasa akanigeukia mimi. "Na nikajua fimbo ile katengeneza mtu wa Killavane. Nikasema, ya kwanza walimpa kuni, na hii pia itakuwa kuni. Hakuna mtu wa Killavane atakayempa mtu wa kwetu mbao nzuri. Nikamlenga yeye, niipasue, mpira uingie nayo wavuni." Akaiinua fimbo. "Ni eshi ya wapi hii?"

"Ya baba yangu," nikasema. "Kipande cha mwisho."

Senan akaiegemeza fimbo ukutani. Kisha Bi Teasie akatoka jikoni na bakuli la viazi, mvuke unamfunika uso. Aliliweka mezani. Akamwendea Colman, akaushika ule mkono, akaufungua, akalitazama kovu. Akalibusu. Halafu akampiga kofi la kisogoni, lenye nguvu kwa mama wa miaka sabini na nne.

"Kaa ule," akasema. "Nyote. Kuku anapoa."

Jumatatu, 23 Oktoba

Mvua. Asubuhi Senan Considine kaja karakanani, kasimama mlangoni na kofia mkononi. Anataka fimbo, inchi thelathini na tano. Nimeikagua mbao mara tatu kabla sijaanza kukata.

Goti: linauma vizuri.